Mgeni wa Nyuzi 16

Watu wakisikia una nyumba ya wageni Jambiani, basi umeshakuwa tajiri. Hapa barazani kwetu Mpendae siwezi kuagiza kikombe cha kahawa kwa amani. Lazima atokee mmoja aseme, "Leo kahawa juu ya mzee wa utalii." Nikilipa, wanasema dola zinanisumbua mfukoni. Nisipolipa, nimekuwa bahili: mtu ana nyumba ya wazungu pwani na msikitini anakwenda na baskeli! Hawajui kwamba dola hizo zikija kwangu hazilali. Zinapita sebuleni, zinatoka mlango wa jikoni, zinaingia kwenye kisanduku cha kijivu kilichopigiliwa ukuta wa nyuma, na safari yao inaishia hapo. Kisanduku hicho ni mita ya umeme. Mimi ni tarishi tu wa kuzisindikiza.

Nyumba yenyewe niliijenga kwa kiinua mgongo: vyumba viwili, sebule, jiko, na juu kibanda cha makuti cha kupungia upepo jioni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nikajenga nikingoja kupona. Wageni wamekuja, wa kila pasipoti. Mwenyeji hali yake ni ile ile, ila dawa imepanda bei.

Hebu nikueleze mgeni anavyoishi. Anatoka kwao kwenye baridi, amekaa ndani ya ndege usiku kucha, amelipa pesa nyingi kulifuata joto. Joto lenyewe anapewa bure pale pale uwanjani, mlango wa ndege ukifunguliwa tu. Anafika Jambiani, anatua begi, na kabla hajauliza choo kiko wapi anauliza rimoti ya kiyoyozi. Anaishika, anaanza kuteremka: 24, 22, 20, 18, 16. Ingekuwa na 12 angefika. Kisha anafungua mlango wa barazani, wazi kabisa, ili aisikie bahari. Kisha anakwenda kuogelea.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Chumba kinapozwa, mlango uko wazi, na mwenye chumba yuko pwani amejianika juani, amejipaka mafuta ili aungue kwa kipimo. Sasa anayepozwa ni nani? Ni kunguru. Kunguru wa Jambiani wameshaijua nyumba yangu. Saa saba za mchana, wenzao wakihema kwenye minazi, wao wamejipanga kwenye kizingiti cha mlango wangu, mabawa wameyaachia, wanapumua vizuri. Mimi niko Mjini, nimekaa chini ya feni ya zamani inayolia kwik kwik, nalipia starehe za ndege.

Na hizo nyuzi 16 hazina maana yoyote. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kikifanya kazi kinakula uniti moja na ushei kwa saa. Kikikuta chumba kimefungwa na umekiwekea 26, kitahangaika kidogo, kitafika, kitapumzika, kitaamka tena, na mpaka alfajiri unaweza kutoka na uniti nne au tano. Ukikiwekea 16 na mlango umeuacha wazi, hakitafika maisha yake yote, kwa hiyo hakitapumzika. Kutwa kucha ni uniti 26, 27. Mgeni anaamini kwamba 16 inapoza upesi kuliko 24. Wapi! Hewa inatoka na ubaridi ule ule. Ukimwambia dereva wa daladala kwamba unashuka Jambiani badala ya Paje, gari halifiki Paje mapema, litakupitiliza tu.

Wapo wengine wanaofunga mlango, hao nawashukuru, lakini wananiudhi kwa namna nyingine. Jambiani imeelekea mashariki. Kusi likianza kuvuma, mwezi wa tano au wa sita, linaingia dirisha hili na kutoka lile mpaka mapazia yanagusa dari. Hapo jirani Paje, upepo huo huo ni biashara: mgeni anafungwa kamba kiunoni, anapewa tiara kubwa, anaburutwa juu ya maji, na anatozwa kwa saa. Jioni anarudi kwangu amechoka na furaha, anafunga madirisha yote upepo usiingie, anawasha kiyoyozi. Upepo wa kulipia anaupenda. Wa bure anaufungia.

Halafu umeme wenyewe hauoti Unguja. Tunaletewa kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza mwaka 1980, wa megawati 45, na ulipozidiwa ukalazwa mwingine wa megawati 100 mwaka 2013. Sehemu kubwa ya umeme wa huko bara inatoka kwenye maji: Kidatu, Mtera, na tangu 2024 Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa, megawati 2,115. Hebu tazama safari hiyo. Maji yanateremka kutoka nyanda za juu, yanasukuma mtambo Rufiji, umeme unakwenda pwani, unapiga mbizi chini ya mkondo wa Zanzibar, unaibukia Fumba, unavuka kisiwa kizima mpaka Jambiani. Kuja kumpozea kunguru.

Vijana wananiambia, "Mzee, unakuza mambo." Wao walikuwa wadogo Disemba 2009. Sisi tuliokuwa watu wazima tunakumbuka: njia hiyo ya baharini ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu zilinyamaza, watu wakarudi visimani na ndoo. Pasi za mkaa zilitolewa stoo zikapanguswa buibui. Mwenye jenereta alikuwa mfalme mpaka dizeli ilipomfilisi. Mtu aliyeupita mtihani ule hawezi kuiona taa ya choo inawaka saa sita mchana akanyamaza. Mimi siwezi. Nikienda Jambiani, mke wangu ananisihi nisizime taa za wageni wakiwa bado wamo ndani.

Mita yetu ni ya kulipia kabla, na uniti zina tabia yake. Hazimaliziki mchana, mlinzi yupo macho na mimi nimevaa. Zinamalizika saa nane za usiku. Simu inalia, naisikia sauti ya mama wa Kiitaliano, anasema giza. Nanunua kwa simu, inarudi tokeni: tarakimu 20. Sasa lazima nimsomee, naye yuko nyuma ya jiko na tochi ya simu, anatafunwa na mbu, anabonyeza. Kiingereza changu cha darasani, chake cha Roma. Tukikutana katikati, tarakimu mbili zinapotea baharini. Mita inakataa. Tunaanza upya, polepole, nanong'ona nisiwaamshe watoto: nne, nne, saba, sifuri. Mke wangu akageuka kitandani.

"Na huyo mwanamke unayemnong'oneza namba usiku wa manane ni nani?"

Nikamwambia ni mita. Hajaniamini hadi leo.

Ungeuliza mlinzi alikuwa wapi. Mlinzi wangu ni mtu mwema sana, na usingizi wake ni wa mtu mwema. Mkumbuke huyo, tutarudi kwake.

Tuje kwenye maji ya moto. Tangi langu ni jeusi na liko juu ya mnara, limekodolewa macho na jua tangu asubuhi. Ikifika adhuhuri, bomba la maji baridi Jambiani unaweza kulitilia majani ukanywa chai. Juu ya hayo, mgeni anawasha hita. Hita ya lita 50, kuyatoa maji nyuzi 27 kuyafikisha 60, inakula karibu uniti mbili. Na akishayapata ya nyuzi 60, anayaogopa, yanaunguza, anafungua bomba la baridi ayapoze. Yaani anachemsha, halafu anapoza alichochemsha, na pande zote mbili mlipaji ni mmoja. Akimaliza kuoga haizimi. Inabaki ikiyaweka moto maji ya mtu aliyekwenda safari ya pomboo Kizimkazi. Ongeza na ugumu wa maji yetu ya kisima cha pwani: chokaa inaganda kwenye koili ya hita, inakuwa koti, hita inachelewa, inakula zaidi, mwisho inakatika. Fundi akiitoa, ananionyesha huku anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Huzuni yake inaisha nikimlipa.

Usidhani nilikaa kimya. Kwanza niliweka kibao. Binti yangu alikiandika kwa adabu zote, lugha tatu, na picha ya kasa: tafadhali zima kiyoyozi unapotoka. Wageni walikipenda sana. Walikipiga picha. Wakatoka, kiyoyozi kinanguruma.

Nikaenda kwenye teknolojia. Fundi akafunga swichi ya kadi mlangoni, zile za hotelini: ukitoka na kadi yako, chumba kizima kinazimika. Mgeni wa kwanza alichunguza kidude kile dakika moja, akafungua pochi, akachomeka kadi ya duka la kwao la vyakula, basi. Umeme ukawa wa saa 24. Alipoondoka aliisahau. Aliyemfuata akaikuta, akaiacha. Imo hadi leo. Nadhani kwao mwenye kadi angekuwa ameshapewa kuku wa zawadi.

Nikamwambia fundi afunge rimoti isishuke chini ya 22. Akafunga. Mgeni akaandika kwenye mtandao kwamba nyumba ni nzuri, bahari ni nzuri, kiyoyozi kibovu. Nyota zikapungua. Nikamwita fundi aje aifungue. Kufunga ni pesa, kufungua ni pesa.

Wakati huo kila mtu ni mshauri. Shemeji yangu, ambaye hana hata banda la kuku la kukodisha, aliniambia niweke sola. Ya kuchemshia maji niliiweka, na sina lawama nayo isipokuwa masika, siku mawingu yakishuka mpaka kwenye minazi. Lakini sola ya viyoyozi ni habari nyingine. Jua linakuja mchana, mgeni halali mchana. Anachoma umeme usiku, kwa hiyo unataka betri, na bei ya betri za kubeba viyoyozi viwili mpaka asubuhi ilinifanya nimuulize muuzaji kama nyumba yangu imo ndani ya bei. Shemeji akasema niweke na bwawa, litavuta wateja. Jirani yangu analo bwawa. Pampu yake ya nguvu farasi moja inazunguka saa nane kila siku, uniti sita na zaidi, kabla mtu hajachovya hata kidole. Na Bahari ya Hindi iko hatua chache hapo, imejaa, chumvi tele, haidai uniti.

Mwisho nikafanya wanavyofanya wenzangu wengi wa pwani: nikaandika kwenye mapatano kwamba kila usiku mmoja una uniti kumi ndani ya bei. Zikizidi, mgeni analipa kwa bei ile ile ninayonunulia mimi, sitaki faida hata ya shilingi. Nikatundika ubao mweusi sebuleni. Asubuhi na jioni mlinzi anasoma mita, anaandika kwa chaki: zilizokuwapo, zilizotumika, zilizobaki. Mwandiko wake mzuri, alisoma madrasa.

Ndugu yangu, ubao ule ulifanya yasiyofanywa na kasa wala kadi. Mgeni alikuwa akiingia, anausoma, anasimama kidogo, anaiweka rimoti mezani taratibu. Watu wakagundua kwamba chumbani kuna feni. Feni ya dari ni wati 60 au 70. Uniti moja inaizungusha saa 15. Wakagundua dirisha. Wakagundua kile kibanda cha makuti juu, wakawa wanalala huko mchana, vitabu vimewafunika uso. Mmoja aliniambia nyumba yangu ina hewa ya ajabu sana. Nikamwambia ndiyo, imekuwapo muda mrefu.

Wala si kwamba kwao hawajui kubana. Agosti 2022, serikali ya Hispania ilipiga marufuku maduka na majengo ya umma kupoza chini ya nyuzi 27. Wajapani tangu 2005 kila kiangazi wanahimizana ofisini waweke 28 na tai waache nyumbani. Kwa hiyo bwana mmoja wa Madrid aliyenidai 16 alikuwa ametoka kununua viatu kwenye nyuzi 27 kwa amri ya sheria, na hakufa. Akifika kwangu anaganda kwa sababu aliambiwa umeme umo. Hilo ndilo neno lililotumaliza wenye nyumba: umo. Ukishamwambia mtu kitu kimo, mkono wake unasahau swichi iko upande gani. Na sisi wenyewe ndio hao hao. Nenda kwenye ofisi yoyote ambayo bili inalipwa na mwingine, utawakuta wamevaa masweta mwezi wa pili.

Ungetegemea sasa nitulie. Thubutu! Mgeni mharibifu ameondoka, amekuja mgeni mbanaji, na huyo ndiye kiboko. Mmoja alizima friji kila usiku ili aokoe uniti, asubuhi changu wangu wawili wakanuka mpaka paka akakataa. Mwingine alizima taa ya nje, mlinzi akakanyaga hewa akaangukia kwenye mikilua. Wapo wanaochajia simu, kompyuta na mswaki kwenye mikahawa ya Paje, wanarudi na mkoba wa betri zilizoshiba, wananitazama kwa ushindi.

Ndipo akaja mama mmoja, mkaguzi wa hesabu mstaafu, kutoka nchi ambayo ziwa linaganda mpaka gari linapita juu yake. Peke yake, miwani kamba shingoni. Ilikuwa kaskazi, joto lile la kuamkia kuoga, na hakugusa kiyoyozi hata mara moja. Siku ya tatu akanipigia.

"Mzee, nimetumia feni na taa moja. Ubao unasema uniti nne zimekwenda. Zimekwenda wapi?"

Nikamwambia ni friji hiyo, mama. Akaniambia friji ameichomoa tangu jana. Nikamwambia basi pampu. Akaniambia tangi limejaa, boya liko juu, pampu haijalia. Nikaona huyu si wa kujibiwa kwa simu. Nikapanda daladala.

Nilimkuta nyuma ya jiko, viti viwili vya plastiki ameviweka mbele ya mita, kimoja changu. Alikuwa amezima kila kitu, na waya wa friji ameulaza juu ya meza, ncha yake inaonekana, ushahidi. Akanionyesha kitaa chekundu cha mita, kile kidogo ambacho kila mtu anacho nyumbani na hakuna anayekitazama. Pembeni yake imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kikimweka mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Akasema nyumba iliyozimwa yote haitakiwi kumweka. Tukakaa.

Kikamweka.

Akaandika kijistari kwenye daftari. Kikamweka tena. Yeye anatazama saa, mimi natazama kitaa, kunguru wanatutazama wote. Dakika kumi. Mara thelathini.

"Wati 180," akasema, bila kutumia kikokotozi. "Kuna kitu kinakula hapa, na hakimo ndani ya nyumba."

Hapo nikamsikia mlinzi anakohoa. Nikageuka. Alikuwa ameanza kuufagia uwanja, na uwanja ulikuwa umeshafagiliwa, mistari ya ufagio bado mibichi.

Mama yule hakusema neno. Akaenda kwenye soketi ya pampu. Kwenye soketi mlikuwa na plagi mbili, ya pampu na nyingine. Ya pili waya wake ulishuka ukutani, ukaingia ndani ya mpira wa kumwagilia maua, mpira ukaingia mchangani. Tukaufuata kwa kuchokora na ncha ya mwavuli wake. Ulipita chini ya mkilua, ukapita chini ya ua wa makuti, ukatokea upande wa pili, ukapanda dirishani kwenye chumba cha mlinzi. Na ndani ya chumba, limefunikwa kitambaa cha mauamaua na juu yake maua ya plastiki, likanguruma kwa afya njema friza la milango miwili.

Mke wa mlinzi akatoka, kanga begani.

"Shikamoo mjomba! Karibu. Umetutupa sana."

"Marahaba. Bibie, hili friza?"

"La kwangu mjomba. La biashara, riziki ndogo tu."

Akalifunua tuone. Upande mmoja barafu za maji kwenye mifuko, za kuuzia wavuvi, na barafu za ubuyu za watoto wa skuli. Upande wa pili pweza wa watu, kila mmoja na kamba ya rangi yake asichanganywe, na paja la mbuzi la shughuli ya nyumba ya tatu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ile ulipotuleta, mjomba. Ulisema hapa tujione tuko nyumbani."

Na nilisema kweli, mashahidi wapo. Ila niwe mkweli juu ya mlinzi: kila asubuhi na jioni, kwa chaki na mwandiko wa madrasa, alikuwa akiandika ubaoni uniti za mke wake, bila kupunguza hata moja. Mtu amejishitaki mwenyewe mara mbili kwa siku. Nilishindwa nimfanye nini.

Mke wa mlinzi akamkaribisha mama yule kiti, akampa barafu ya ubuyu, na mimi akanipa. Nikala. Ilikuwa yangu.

Nikaanza kupandisha: waya ung'olewe leo leo. Mlinzi akaangalia chini. Mkewe akanikumbusha, kwa heshima, kwamba Shaaban iko ukingoni. Ramadhani ikiingia, mtaa mzima unachukua maji ya baridi ya futari hapo, msikitini pia. Akataja na wale kinamama wanaorudi kutoka kwenye mwani jua la saa saba, wanaopitia hapo kunywa. Hakutaja zaidi. Alijua, nami nilijua, kwamba ningelikata friza lile siku hiyo, Jambiani nisingeitikiwa salamu mpaka Idi ya mwaka mwingine.

Nikamgeukia mkaguzi, nikitegemea hesabu zitanitetea. Alikuwa amemaliza barafu yake na anapiga mahesabu. Mota ya friza inapumzika, akasema, kwa hiyo tuchukue uniti tatu kwa siku, tisini kwa mwezi. Kisha akamuuliza mke wa mlinzi, kwa msaada wa ishara na mlinzi, anauza mifuko mingapi na kwa bei gani. Akaandika, akapiga mstari, akanionyesha daftari.

"Mzee, nimekagua kiwanja chako chote. Viyoyozi vinakula, hita inakula. Hiki ndicho chombo pekee kinachoingiza faida."

Tukapatana pale pale, yeye ndiye mwandishi wa mapatano. Mke wa mlinzi atalipa uniti zake tisini kila mwezi, na akiweza atavuta mita yake mwenyewe. Friza likafungiwa kihesabio chake, na ubaoni ikaongezwa safu ya nne: "Barafu." Sehemu ya deni la nyuma nitalipwa kidogo kidogo kwa bidhaa. Hivi ninavyoandika, nyumbani Mpendae tunakula pweza Jumamosi, pweza Jumatano, na watoto wana ndimi nyekundu za ubuyu. Umeme nanunua kwa pesa taslimu, nalipwa kwa pweza. Barazani wameshapata habari. Sasa wanasema mzee wa utalii ameingia na biashara ya samaki.

Mama mkaguzi alipoondoka alikata kwenye hesabu yake uniti zote ambazo hakutumia yeye, akaniachia risiti aliyoiandika kwa mkono na saini. Mtandaoni akanipa nyota nne. Aliandika kwamba nyumba ina upepo mzuri, wenyeji ni wakarimu, vitabu vya hesabu vinahitaji uangalizi. Nyota ya tano sijui aliipeleka wapi. Nashuku friza.

Juzi imeingia nafasi mpya: familia ya watu watano, wiki mbili, wanatoka Ulaya ya kaskazini. Hawakuuliza bahari iko umbali gani, wala kama kuna mbu, wala kama maji ya kisima yananyweka. Baba mtu aliandika swali moja tu: kiyoyozi kimo?

Nikamjibu kimo. Kimo ukutani.